Swali la Sita

Casablanca, 4 Februari 2024

Kwako mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeniingia mpaka magotini na sasa natembea kama wewe ukitoka shambani. Goti lako la kulia linaendeleaje? Na Mutheu na tumbo lake?

Usishangae kupata barua ya karatasi siku hizi za simu. Simu ya hapo nyumbani inakaa mezani kwa baba mkubwa Muinde, na akiipokea anaongeza sauti mpaka kuku wa jirani wanasikia. Hili ninalotaka kukuambia si la kuku. Nimemtumia Mwelu wa saiba ya Taveta, lile duka la intaneti, akuchapishie. Siku ya soko ukimaliza kuuza maharagwe yako, pita kwake, andika jibu kwa mkono wako, yeye atalipiga picha anitumie.

Mama, unajua kazi yangu hapa maabara ni damu za watoto. Kuna watoto wa Morocco wanaozaliwa wazima kabisa, wanadungwa ile sindano ya kuzuia kifua kikuu, ya mkono wa kushoto, kama tulivyodungwa sisi. Kwa karibu watoto wote ni kinga. Lakini wako wachache sana ambao mwili umezaliwa na upungufu mmoja tu, na vile vijidudu vilivyodhoofishwa ndani ya sindano vinapata nguvu kwao. Kwapa linavimba, linapasuka, linatoa usaha, homa haiishi. Siku niliyoonyeshwa picha ya kwapa kama hilo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Lilikuwa kwapa la Mumo. Lilikuwa kwapa la Ndinda. Watoto wote wawili wa kaka Musyimi na Mutheu, mama, na wote tumewazika kabla ya mwaka mmoja!

Tena kuna hili. Sisi wanafunzi hutoa damu yetu ilinganishwe na ya wagonjwa. Nilitoa, na yangu imeonekana ina ule upungufu, upande mmoja tu. Mimi haunidhuru. Mtoto huugua akirithi upande mbovu kwa baba na upande mbovu kwa mama. Kwetu upo, basi. Na kama Mutheu naye anao, huyu aliye tumboni yuko hatarini, nafasi moja kati ya nne.

Nakuomba kitu kimoja: asidungwe hiyo sindano mpaka tupime damu yake. Profesa wangu, tunamwita Madam, anaweza kumwandikia daktari wa watoto wa Voi kumwomba asubiri. Ila kwanza anataka fomu ijazwe, maswali tisa kuhusu familia. Nimeitafsiri. La sita lisikusumbue, linauliza kama baba na mama wa mtoto wana undugu wa damu. Huku binamu huoana na hakuna anayeona haya. Sisi Wakamba hata ukoo mmoja hatuoani, kwa hivyo weka hapana.

Mwanao,
Koki


Njukini, 21 Februari 2024

Kwa Koki mwanangu,

Barua nimeipata. Mwelu alitaka kunisomea nikamwambia lete hapa, macho bado ni yangu. Goti liko, haliendi popote, na mimi siendi popote. Maharagwe yametoka mazuri lakini ndovu wawili wamepita kwa majirani kina Donald wakalala juu ya yale yao, fikiria. Je, huko unakula? Usiniambie mkate na chai.

Mutheu ana miezi sita. Jumapili baada ya kanisa Muinde alituita, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti, akasema Mutheu arudishwe kwao Makwasinyi kabla hajajifungua. Wawili wamefia mikononi mwake, wa tatu akazaliwe kwao. Lakini akiwa wa kiume ni wa boma hili, na ataitwa Muinde. Ona mtu! Mama ni mchawi, lakini mtoto anamtaka. Musyimi alikohoa tu. Ndugu yako akikohoa hivyo ujue ameshakubali. Mutheu alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mchele ambao ulishakuwa safi.

Koki, hujui umenifanyia nini na hiyo barua. Mimi na sindano hatuchezi. Katika nyumba hii hakuna mtoto aliyekosa kliniki tangu uzaliwe wewe. Ni mimi niliyewashika Mumo na Ndinda wakidungwa. Ndinda alirusha mkono, nikaukaza ili nesi asikosee. Nikisoma maneno yako naona mkono wangu umemkaza.

Maswali nimejibu kwenye karatasi ya pili. Vaa sweta.

Mama yako


Casablanca, 8 Machi 2024

Mama yangu,

Pole na ndovu, na pole zaidi na baba mkubwa. Ningekuwa karibu ningeificha hiyo fimbo. Ninakula vizuri, Ijumaa wenyeji wanatupikia mpaka tunashindwa kusimama.

Ile mikono yako usiiseme. Hukujua, nesi hakujua, vitabu vya kliniki vya wale watoto vimeandikwa kifua kikuu na kila mtu akaamini. Sindano ile imeokoa watoto wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Sisi tu ndio hatukuwa tunajua hali yetu.

Lakini mama, umejibu maswali manane. La sita umeliruka. Nikadhani ni kusahau, nikamwambia Madam jibu ni hapana. Akaiweka fomu yetu chini kabisa. Nilipomuuliza alisema maabara ina foleni ya mwaka mzima. Wanaotangulizwa ni wazazi wenye undugu, kwa sababu kwao upungufu huu hupatikana pande zote mbili. Kama Mutheu na Musyimi hawana undugu, anasema, yaelekea zaidi kwamba Mumo na Ndinda walikufa kwa kifua kikuu cha kawaida. Na kama nyumbani kuna kifua kikuu, huyu mtoto ndiye anayehitaji sindano kuliko watoto wote wa Taita Taveta. Hawezi kumwandikia daktari akataze.

Wamama wa huku wanaulizwa swali hilo wakiwa wamesimama na mtoto mgongoni, na wanajibu kabla hujamaliza. Niandikie unachojua kuhusu kwao Mutheu, hata kama ni kidogo. Ningekuja mwenyewe, lakini pasipoti yangu iko polisi inangojea kitambulisho cha ukaaji, na hawaniambii ni lini.

Mwanao,
Koki


Casablanca, 5 Aprili 2024

Mama,

Salamu. U mzima? Mwelu ananiambia umekuja siku tatu za soko, umekaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, umeomba karatasi, na umeondoka na karatasi nyeupe. Anadhani unaumwa. Mimi sidhani unaumwa.

Mutheu anajifungua Mei. Tafadhali.

Koki wako


Njukini, 17 Aprili 2024

Koki,

Salamu utazipata nikimaliza, maana nikianza nazo nitapata sababu ya kuachia hapo.

Kabla ya Musyimi kulikuwa na Nzomo. Kaburi lake unalijua, pale kwenye migomba. Mliambiwa alikufa kwa homa. Ilikuwa surua. Chanjo ya surua ni ya miezi tisa, na siku yake ilipofika mvua ilikuwa imenyesha jana yake na mimi nilikuwa napanda. Nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema nimalize kile kipande cha chini. Akafa akiwa na miezi kumi. Nyanya yenu, mama wa baba yenu, akauliza mbele ya watu wote, mtoto huyu alipelekwa kliniki? Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, Koki. Niliogopa. Nikasema, mtoto alikuwa mzima mpaka Kaveke alipomlisha uji.

Kaveke alikuwa mke wa Muinde. Tuliolewa boma hili mwaka mmoja, yeye miezi mitatu mbele yangu. Na uji alikuwa amemlisha kweli, kwa sababu mimi nilikuwa shambani na mtoto alikuwa analia. Nilisema hilo moja tu, mengine wakamalizia wenyewe. Siku ya tatu Muinde alimtupia nguo zake njiani. Alikuwa na mimba, na hakuna aliyejua ila mimi, aliniambia tukipukuchua maharagwe. Nikamwangalia akiokota nguo.

Sasa sikia. Mwaka wa 2019 tulipokwenda Makwasinyi kumposa Mutheu, Muinde alikuwa kitandani na ule mguu wake mbovu, kwa hivyo tulikwenda na wazee wa kanisa ambao hawakujua habari za zamani za boma letu. Wakauliza ukoo, kama desturi. Mjomba wake Mutheu, aliyesimama mahali pa baba, akataja ukoo wake, ukawa si wetu, watu wakapiga makofi. Halafu nyanya yake Mutheu akaniletea maji ya kunawa. Nikainua macho. Kaveke! Ile mimba ndiyo iliyomzaa mama yake Mutheu. Mtoto alilelewa kwa kaka yake Kaveke, akachukua ukoo wa huko, maana kwa baba walikuwa wametupwa.

Alinimiminia maji mpaka birika likaisha. Nami nikanawa tu. Mutheu alikuwa tayari ana mimba ya Mumo. Ningesema, ningeulizwa umemjuaje huyu mama, na alifukuzwa kwa nini.

Jibu lako la sita ni ndiyo. Muinde ni babu yake Mutheu, mzazi wa mama yake. Musyimi amemuoa mtoto wa binamu yake, na mimi nilijua nikanyamaza, nikacheza mpaka harusini. Nikisema sasa, wazee watavunja ndoa na mwanangu hatanitazama tena. Nikinyamaza, unajua. Nimekuwa panya aliyefunikwa ndani ya debe la mahindi. Usinijibu vizuri.

Salamu.

Mama yako


Casablanca, 20 Aprili 2024

Mama,

Umesema nisikujibu vizuri na sitakujibu vizuri. Nimekasirika mpaka nimekosa usingizi. Si kwa ajili ya Nzomo, ulikuwa mtoto mwenyewe. Nimekasirika kwa ajili ya Ndinda. Mumo alipokufa ulikuwa na mwaka mzima wa kusema.

Nimeandika ndiyo. Madam ameitoa fomu chini ya rundo siku hiyo hiyo na ametia sahihi barua ya daktari wa Voi. Mwelu amekuchapishia. Lakini fikiria kitakachotokea. Barua inasema wazazi ni ndugu. Daktari atamuuliza Musyimi, Musyimi atasema hapana, na atakuwa anasema ukweli anaoujua. Barua itaonekana ya uongo na mtoto atadungwa. Nimempigia Musyimi mara mbili, na mara zote mbili kapokea baba mkubwa. Kwa simu hiyo nikisema, Mutheu atapigwa kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hivyo ni wewe. Mficha maradhi kilio humfichua, ulinifundisha mwenyewe. Tumelia mara mbili.

Bado ni mwanao,
Koki


Voi, 30 Mei 2024

Mwanangu Koki,

Naomba barua hii ikukute salama. Mimi niko Voi kwa Elsie, yule mama wa kanisa aliyehamia huku, na nina siku sita hapa.

Mutheu alirudishwa Makwasinyi wiki ya kwanza ya Mei na sanduku lake. Uchungu ulipomshika walimleta hospitali ya Voi, na Musyimi, aliyekuwa amemfuata, akatupigia kwa simu ya kuazima. Ni mvulana. Muinde aliposikia mvulana, mguu ukapona! Akavaa koti, akaja kusimamia jina lake. Mimi nilikuja na barua yako ndani ya kitambaa.

Nilimpa daktari barua. Kijana mpole, akaisoma mpaka mwisho, akamuuliza Musyimi, wewe na mkeo mna undugu? Musyimi akasema hapana. Akamuuliza Mutheu, akasema hapana. Daktari akakunja barua, akasema, mama, hawa wawili wa kwanza vitabu vyao vinasema kifua kikuu, basi huyu ndiye wa kukingwa haraka. Nesi akaja na trei. Akamfungua mtoto shuka, akashika ule mkono wa kushoto. Akaniambia, susu, nyanya wa mtoto, msaidie kumshika.

Akaniambia mimi, Koki.

Nikasema, wana undugu. Sauti yangu ilitoka kubwa, wamama wa vitanda vingine wakageuka. Nikasema huyu mzee mwenye fimbo ni babu wa huyu aliyejifungua, na ni baba mkubwa wa mumewe. Na huyu mama aliyekaa hapo kwenye benchi na chupa ya chai ni Kaveke, mke wake aliyemfukuza na mimba, na alimfukuza kwa sababu ya mdomo wangu, na mtoto wangu alikufa kwa surua.

Nesi akarudisha sindano kwenye trei. Unajua Muinde alifanya nini? Alimwangalia Kaveke, akaniangalia mimi, akauliza, huyu ni nani? Hakumjua. Miaka arobaini na moja, na ilibidi aonyeshwe.

Daktari alimchoma mtoto kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi maalumu, imeshatumwa kwenu maabara. Kaveke alimchukua Mutheu na mtoto akaondoka bila kuniambia kwaheri wala mshenzi. Musyimi alisema maneno mawili, mama, ulijua. Hajaongeza mengine. Muinde ametuma ujumbe kwamba nikikanyaga Njukini nisimlaumu mtu. Maharagwe yangu yako tayari kuvunwa na sijui nani atayavuna.

Mutheu amemwita mtoto Mbiti. Ni lile jina la fisi tunalompa mtoto anayefuata waliokufa, ili kifo kimwone kama fisi kimpite. Muinde hakuulizwa.

Mama yako


Casablanca, 11 Julai 2024

Mama mpendwa,

Natumai u mzima kuliko nilivyokuacha kwenye barua yangu ya mwisho, ambayo siifuti lakini nakuomba uikunje.

Majibu yametoka leo asubuhi. Madam aliniita nikayasome mwenyewe. Mbiti ana pande zote mbili mbovu. Angedungwa siku ile, lile kwapa tungeliona tena.

Hakudungwa. Yuko hai, na kwa uangalizi mzuri anaweza kukua mpaka atutukane. Asipewe sindano ile maisha yake yote, na akiwa na homa akimbizwe Voi, daktari ana maelezo. Zile nyingine daktari atamwongoza Mutheu. Ya surua, Madam ameipigia mstari mara mbili, asikose. Miezi tisa.

Mwambie Kaveke pia. Upungufu huu kwa Mutheu haukutoka kwake, umetoka kwa Muinde. Ni wetu. Mimi bado sina pasipoti.

Mwanao,
Koki


Makwasinyi, 26 Februari 2025

Kwa binti yangu Koki,

Najua nimekaa kimya miezi saba na umemsumbua Mwelu bure, siendi tena Taveta. Barua hii ataituma Wendy, mwalimu wa hapa. Mimi ni mzima. Goti linachukia hivi vilima. Wewe je? Wamekupa hiyo pasipoti au wameioa?

Nilikuja Makwasinyi na barua yako ya majibu. Kaveke alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza aliniuliza, kwa hivyo uji wangu haukuwa na kitu? Nikasema haukuwa na kitu, ilikuwa surua, nilijua siku ile ile. Akasema, mimi sikujua. Miaka yote hii alikuwa hajui! Alipika uji ule, mtoto akafa, watu wote wakasema ni yeye, na yeye naye akabaki na shaka. Akaniambia tangu siku hiyo hajampikia mtoto yeyote uji. Hata binti yake alilishwa na wifi yake. Yeye alikuwa anatoka nje. Na lile birika la maji alilimimina taratibu, anasema, akinipa nafasi niseme.

Nilianguka magotini pale mlangoni. Aliniambia niinuke, nazuia kuku.

Nalala jikoni kwake. Nalima, nachota maji, na kuniita kwa jina bado hajaniita. Sijaambiwa nimesamehewa na sijauliza. Njukini siwezi kurudi, na hapa si kwangu. Wazee wamekaa mara tatu kuhusu ndoa na hawajaamua. Musyimi huja Jumapili, anambeba mtoto, anazungumza na Mutheu kidogo, mimi hunisalimia kama anavyosalimia mwalimu.

Jana Mbiti alitimiza miezi tisa na siku moja. Mvua ilikuwa imenyesha, majirani wote walikuwa wanapanda. Jembe nililiacha ukutani. Tulishuka zahanati watatu, Mutheu, Kaveke na mimi. Nesi akauliza nani atamshika. Mikono yangu ilikataa kuinuka, nakwambia kweli. Kaveke akaniangalia, akasema, mshike wewe, Mbithe. Uji nitapika mimi.

Nikamshika. Alilia kidogo tu, ana mapafu huyo! Tuliporudi Kaveke aliwasha moto mwenyewe, akatutoa jikoni sote. Tulisikia mwiko ukigonga sufuria muda mrefu kuliko uji wowote unavyohitaji. Halafu akatoka na bakuli, akakaa chini, akapuliza kijiko mpaka kikapoa kabisa, akakipeleka mdomoni kwa mtoto.

Mtoto alikula wote, akataka na ulioganda chini.

Mama yako,
Mbithe